KIWI CHA MACHO KATIKA NJIA YA MOMBASA

Barabara itokayo Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa kilomita zipatazo 480, nayo hupanda kutoka usawa wa bahari hata kufikia zaidi ya mita 1,600. Mchana watu wengi huijua vema. Huijua kwa minazi ya Mazeras, kwa nyika ya Taru yenye vichaka vya miiba, kwa milima ya Taita isimamayo upande wa kushoto kama ukuta wa buluu, na kwa mibuyu minene iliyo kati ya Mtito Andei na Kibwezi. Lakini usiku ukiingia barabara hiyo huwa nyingine kabisa. Milima hutoweka, mibuyu hutoweka, na kisaliacho ni taa: taa zijazo, taa zifuatazo, na baina yake giza ambalo dereva hulipasua kipande kwa kipande, mita hamsini au mia kwa wakati mmoja.

Mtu asiyeisafiri huuliza kwa nini watu hawangoji kupambazuke. Majibu ni mengi. Mwenye lori hupenda usiku kwa kuwa matairi hayapati joto kali na injini haichoki upesi katika miinuko. Abiria wa basi hupenda usiku kwa kuwa hulala kitini na kuamka amefika, bila kupoteza siku ya kazi. Na mkulima mwenye vitunguu au nyanya hana hiari, kwa maana soko la Nairobi huanza kabla ya jua kuchomoza, na mali ifikayo saa nne ya asubuhi huuzwa kwa bei ya huruma. Kwa hiyo kila jioni, katika saa ambayo mifugo hurudi zizini, magari mamia kwa mamia huanza safari.

Katika nchi hii iliyo karibu na ikweta jua haliagi polepole. Huzama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na baada ya dakika ishirini na kitu giza limekamilika. Hizo dakika ishirini, ambazo msafiri huzikuta pengine Mariakani penye mizani ya malori, au mbele kidogo kuelekea Samburu, ni mbaya kuliko zinavyoonekana. Dereva hudhani bado ni mchana kwa sababu mbingu ingali nyeupe, naye haoni haja ya kuwasha taa. Lakini barabara ni ya kijivu, vumbi ni la kijivu, na lori lililopakwa rangi ya kijivu halina tofauti na vyote hivyo. Wengine husema kwamba kuwasha taa mapema ni kumaliza betri. Neno hilo halina msingi, maana injini inapozunguka ndiyo itiayo umeme katika betri. Tena taa ya jioni si ya kumwonyesha dereva njia, bali ni ya kuwaonyesha wengine kwamba yeye yupo.

Baada ya Samburu nyika ya Taru hutandaa, na barabara hunyoka. Zamani misafara ya wapagazi iliogopa mahali hapa kwa ukosefu wa maji, nao walijitahidi kupita upesi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapahapa, ikafika Nairobi mwaka 1899. Barabara ya magari ilikaa muda mrefu ikiwa ya udongo, na katika enzi hiyo dereva wa usiku aliogopa zaidi vumbi kuliko taa, kwa kuwa gari lililotangulia liliacha nyuma yake wingu lililorudisha mwangaza usoni pake kama pazia jeupe. Lami ilipokamilishwa katika miaka ya 1960, vumbi lilipungua, na mwendo ukaongezeka, na magari yakazidi. Hapo ndipo kiwi cha macho kilipochukua mahali pa vumbi.

Katika unyoofu huo wa Taru taa huonekana kutoka mbali sana. Taa mbili hutokea mbele, zikiwa karibu karibu kama nyota moja, na kwa dakika kadhaa hazionekani kusogea. Dereva mgeni hudhani gari lile limesimama. Kisha kwa ghafula nyota hugawanyika kuwa mbili, mbili huwa kubwa, nalo gari limekwisha kufika. Jicho la mwanadamu halina njia nzuri ya kupima umbali wa kitu kisicho na umbo, na taa gizani haina umbo. Vibaya zaidi ni taa iliyo moja. Taa moja yaweza kuwa bodaboda, yaweza kuwa pikipiki ya polisi, na yaweza kuwa trela ya magurudumu ishirini na mawili ambayo balbu yake ya kulia imekufa tangu juma lililopita. Dereva anayeiona huipa nafasi ya pikipiki. Kama ni trela, nafasi hiyo haitoshi.

Mackinnon Road ni mji mdogo ulio kando ya reli, wenye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali. Madereva wengi husimama hapo, Waislamu na wasio Waislamu, hutoa sadaka kidogo, wakaomba safari njema. Hata asiyekuwa na imani katika jambo hilo hupata faida ambayo hakuikusudia, kwa kuwa husimama. Huzima injini, hushuka, hunawa uso, na wengine hupitisha kitambaa katika kioo cha mbele na katika taa. Wadudu wa nyika waliopondeka juu ya kioo, pamoja na vumbi na mafuta ya moshi, hufanya utando ambao mchana hauonekani kabisa. Usiku taa za gari lijalo zikigonga utando huo, kioo kizima hung'aa, na nyuma yake hapaonekani kitu. Dereva humlaani mwenzake kwa taa zake kali, na huku nusu ya kosa imo katika kioo chake mwenyewe.

Yafaa kueleza hapa kiwi ni nini hasa. Mboni ya jicho ni dirisha ambalo hujifungua gizani na kujifunga penye nuru. Nyuma yake, katika ngozi ya ndani ya jicho, mna chembe za namna mbili: zile za mchana zinazotambua rangi, na zile za usiku zinazotambua nuru hafifu. Chembe za usiku hufanya kazi kwa dawa fulani iliyomo ndani yake, ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A. Mwangaza mkali huivunja dawa hiyo mara moja, lakini kuijenga upya huchukua muda, na jicho lililotoka katika nuru nyingi huhitaji hata nusu saa lipate kuzoea giza kabisa. Taa za gari hazivunji yote, hivyo dereva kijana hurudiwa na macho yake baada ya sekunde chache. Mwenye umri wa miaka hamsini au sitini hungoja zaidi, na mwenye kuanza kupata mtoto wa jicho hungoja zaidi tena, kwa sababu lenzi ya jicho lake imekuwa kama kile kioo chenye vumbi.

Sekunde chache si kitu mtu akiwa ameketi nyumbani. Lakini gari liendalo kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao sheria ya Kenya huyaruhusu mabasi na malori, hupita mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva aliyetiwa kiwi kwa sekunde tano amekwenda zaidi ya mita 110 kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Taa zilizoinamishwa zaonyesha njia kwa mita hamsini hivi, na gari dogo lenye breki nzuri, likienda mwendo huohuo katika lami kavu, huhitaji mita zipatazo 53 lisimame. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zaonyesha kwamba hata dereva asiyetiwa kiwi, akitumia taa za chini, hana akiba yoyote. Lori lililopakia huhitaji zaidi.

Madereva wa njia hii wana lugha yao ya taa, ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali. Taa kali huziita "ful" na zile zilizoinamishwa "dimu". Lori likiwa mbele, indiketa ya kushoto humwambia anayefuata kwamba njia ni nyeupe apite. Ya kulia humwambia angoje, kuna kitu kinakuja. Magari mawili yakikutana usiku, wengi huwasha indiketa ya kulia kwa nukta chache kumwonyesha mwenzao mwisho wa gari lao, kana kwamba wamnyoshea mkono na kusema, "Ubavu wangu ni huu." Lugha hiyo imeokoa watu wengi, na pia imewadanganya wengine, kwa maana indiketa ya kulia yaweza pia kumaanisha jambo lile ambalo ilitengenezewa, yaani kwamba gari lakata kulia.

Sheria ya barabarani ya Kenya, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953, na kuinamisha taa mtu akutanapo na mwenzake ni jambo la lazima. Lakini polisi hawezi kusimama nyuma ya kila kichaka cha Taru. Kwa hiyo jambo hili hubaki baina ya watu wawili wasiojuana, ambao wataonana kwa sekunde kumi tu maisha yao yote. Mmoja huinamisha taa, akangoja. Mwenzake akikataa, yule wa kwanza huwasha ful mara moja kumkumbusha. Mwenzake akikataa tena, hasira huingia, na wote wawili hupishana wakiwa vipofu, kila mmoja akiwa ameshinda.

Maungu ni mahali ambapo malori hupumzika. Usiku wa manane huwa kama kambi ya jeshi, safu kwa safu za makontena yaendayo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na moshi wa nyama choma juu yake. Kabla ya kufika hapo na baada yake, msafiri hukuta jambo jingine la hatari, nalo ni lori lililokufa barabarani. Sheria yamtaka dereva aweke pembetatu nyekundu za kuakisi nuru, zile ambazo watu huziita "laifseva", mbele na nyuma ya gari. Lakini pembetatu huibwa, huvunjika, au hukanyagwa, na badala yake taniboi hukata matawi ya miti na kuyapanga juu ya lami. Mchana tawi la kijani ni ishara ambayo kila Mwafrika Mashariki huielewa. Usiku halina faida yoyote. Tawi halirudishi nuru. Dereva huligundua likiwa chini ya bampa. Na lori likiisha kutengenezwa, mara nyingi huondoka na kuyaacha matawi na mawe palepale.

Siri ya pembetatu ile, na ya mikanda myekundu na myeupe iliyobandikwa ubavuni mwa trela, ni kwamba huirudisha nuru kule ilikotoka, wala haiitawanyi. Mwingereza mmoja wa Yorkshire, Percy Shaw, alitumia hekima iyo hiyo mwaka 1934 alipotengeneza vile vijicho vya kioo vipachikwavyo katikati ya barabara, vinavyoitwa macho ya paka. Mkanda wa namna hiyo ukiwa safi huonekana umbali wa mita mia kadhaa, hata kama betri ya lori imekufa kabisa. Ukiwa umefunikwa na matope ya machimbo ya mchanga, ni kipande cha plastiki tu. Ndoo moja ya maji yatosha, lakini nani akumbukaye ndoo ya maji saa nane ya usiku?

Voi hukutanisha barabara hii na ile itokayo Taveta, na hapo ndipo magari ya wakulima huingia katika msafara. Pikapu moja iliingia usiku mmoja wa Agosti, imepakia magunia ya vitunguu hata juu ya paa, na magunia mengine matatu yamefungwa kwa kamba juu ya mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na mzee mwenye shamba, naye ndiye aliyeshika usukani, pamoja na mpwa wake, kijana aliyemaliza shule mwaka uliotangulia. Mzee alikuwa dereva mwangalifu. Hakunywa, hakukimbia, na kila gari lilipotokea mbele aliinamisha taa kabla ya kuombwa. Hata hivyo, kila gari lililokuja lilimwashia ful. Basi lilimwashia, malori yalimwashia, na dereva mmoja wa gari dogo alimpigia honi ndefu iliyobaki nyuma yao kama kilio. Mzee alisonya, akasema watu wa siku hizi hawana adabu.

Kutoka Voi njia huingia baina ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Hakuna nyumba, hakuna taa ya dirishani, isipokuwa za Manyani lilipo gereza. Ni nchi ambayo simba wawili waliwaua wajenzi wa reli mwaka 1898 hata kazi ikasimama, na bado ni nchi ya wanyama. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imeinuliwa juu ya tuta, ikaachiwa madaraja na vipenyo vya tembo kupita chini. Barabara haina tuta la namna hiyo, na tembo huivuka apendapo.

Hapa taa za gari hufanya jambo la ajabu. Ng'ombe, punda, paa na fisi wana kioo cha asili nyuma ya macho yao, kirudishacho nuru; kwa hiyo dereva huona kwanza nukta mbili zing'aazo majanini, na baadaye ndipo humwona mnyama mwenyewe. Mwanadamu hana kioo hicho. Mtu aliyevaa koti jeusi, akitembea ukingoni mwa lami na kuyapa magari mgongo, haonekani mpaka nuru ya taa imguse magotini. Katika miaka ya 2021 hadi 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la watu waendao kwa miguu. Paa mwenye macho ya kung'aa yu salama kuliko mwalimu arudiye nyumbani.

Tembo naye hupotea kwa ukubwa wake. Tembo wa Tsavo hujimwagia udongo mwekundu wa nchi ile, hata akawa na rangi ya nchi yenyewe. Taa zilizoinamishwa hukatwa chini makusudi zisifike machoni mwa watu, basi humulika miguu yake tu, minne kama visiki, na mwili wote uko juu gizani. Karibu na daraja la mto Tsavo mpwa wa mzee yule aliona miguu hiyo kabla ya mjomba wake. Mzee alikanyaga breki, magunia yakasukuma kibanda, pikapu ikasimama. Tembo alivuka bila haraka, akifuatwa na mwingine mdogo. Mzee alikiri baadaye kwamba wakati ule basi lililokuwa limempita lilikuwa limemwashia ful, naye alikuwa bado anafinyafinya macho.

Mtito Andei ni nusu ya njia, na karibu kila gari husimama. Mna vituo vya mafuta, hoteli za chai na mahamri, na umati wa abiria wanyoshao miguu. Mzee aliegesha pikapu mbele ya ukuta mweupe, akaagiza chai. Kabla kikombe hakijapoa, dereva mmoja wa lori, mtu wa pwani mwenye kofia ya kitambaa, alimjia mezani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kukukatiza chai. Pikapu ile ya vitunguu ni yako?"

"Ni yangu. Imefanya nini?"

"Nimekuja nyuma yako tangu Manyani. Nimeona kila mtu akikuwashia taa, nami nimeona sababu. Taa zako zatazama nyota."

Mzee alijibu kwa ukali kidogo kwamba ameinamisha taa njia nzima, na mpwa wake ni shahidi. Dereva hakubishana. Alimwomba tu atoke nje awashe taa zake, na zile za chini, si za ful. Juu ya ukuta mweupe palitokea duara mbili za nuru, na mpaka wao wa juu ulikuwa kifuani mwa mpwa aliyesimama pale ukutani, juu kabisa ya kimo cha taa zenyewe.

"Mpaka ule wapaswa kuwa chini ya kimo cha taa," alisema yule dereva. "Ukisimama mita kumi kutoka ukutani, ushuke sentimita kumi hivi. Wewe umeinamisha taa, lakini magunia yameinua gari. Si kosa lako, mzee, lakini anayekuja hajui hilo. Yeye aona ful tu."

Jambo hilo ni la hesabu rahisi. Gari likilaliwa na mzigo nyuma hata pua yake ikainuka kwa digrii moja tu, nuru ya taa hupanda karibu sentimita 90 kwa umbali wa mita 50, nayo ni tofauti iliyopo baina ya magoti ya mtu na uso wake. Mzigo uliofungwa nyuma ya ekseli, kama yale magunia matatu ya mlangoni, hufanya kama mtoto aketiye mwisho wa pembea. Tena springi zilizochoka huzidisha.

Waliyafungua magunia matatu ya nyuma. Mawili yaliingizwa mbele, yakabanwa nyuma ya kibanda, na moja akapewa mpwa alipakate miguuni. Kisha yule dereva aliinama chini ya usukani, akauliza kama mzee ameona kigurudumu kidogo chenye nambari, kuanzia sifuri. Mzee alikuwa amekiona kwa miaka sita, akidhani ni cha redio. Magari mengi yatokayo Japani yana kigurudumu hicho, nacho hushusha taa gari likiwa na mzigo. Kilikuwa kwenye sifuri. Walipokizungusha, mpaka wa nuru ulishuka ukutani polepole, kutoka kifuani mwa kijana hata kufika magotini mwake.

Kwa jambo la Japani, nchi hii ina bahati. Taa za chini hazikutengenezwa ziwe sawa pande zote. Huelekezwa zaidi upande wa ukingo wa barabara, mbali na ajaye. Wajapani huendesha kushoto kama Kenya, hivyo taa zao zafaa hapa. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia likiletwa bila kubadilishwa taa, humulika usoni mwa kila akutanaye naye, hata dereva wake awe mpole kama malaika.

Bahati hiyo huharibiwa na balbu. Magari ya kwanza yalitumia taa za kabaidi. Umeme ulipoingia, watu walilalamika upesi kwamba ni mkali mno, na hapo katika miaka ya 1920 ikapatikana balbu moja yenye nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini. Halojeni ilifuata mwaka 1962, zenoni mwaka 1991, na baadaye LED. Kila taa hujengwa kwa balbu yake: kioo cha ndani chapima mahali pa uzi ulipo kwa milimita. Mtu akichomoa balbu ya halojeni akachomeka nyingine ya nuru nyeupe ya buluu, aliyoinunua kando ya njia kwa sababu yang'aa kuliko ya jirani, nuru hutoka mahali pasipo pake na kutawanyika kila upande. Yeye huona mng'ao mkubwa karibu na gari lake na kufurahi, na njia ya mbali huiona vibaya kuliko zamani. Wengine hufunga na taa za ziada juu ya bampa. Hao, kwa kweli, hawana la kujitetea.

Kuna pia taa ambazo hazikubadilishwa na zingebadilishwa. Vioo vya plastiki vya magari ya siku hizi huliwa na jua, vikawa vya manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Nuru hupungua, na ile itokayo hutawanyika. Fundi hodari huvisugua kwa msasa laini na kuvipaka dawa. Pasipo fundi, dawa ya meno husaidia kwa muda.

Baada ya Kibwezi barabara hupita Makindu, penye hekalu la Masingasinga ambalo hulisha msafiri yeyote bila malipo na kumpa mahali pa kulala. Dereva aliyechoka hana udhuru mahali hapo. Uchovu na kiwi ni ndugu, maana jicho lililochoka hurudi polepole. Lishe nayo ina sehemu yake. Ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, na mwenye kukaa njiani siku nne kwa chai na mandazi hujinyima mchicha, papai, maini na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vyakula ambavyo wakulima wa njia hiyohiyo huvisafirisha nyuma ya magari yao.

Serikali imejaribu mara kadhaa kuupunguza usiku wenyewe. Basi lilipogongana na lori huko Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, na watu 36 wakafa, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku nchini kote. Wenye mabasi walilalamika, abiria walilalamika, na katazo likaja kuondolewa. Malori hayakukatazwa kamwe, kwa kuwa bandari ya Mombasa hailali.

Pikapu ya vitunguu iliondoka Mtito Andei saa nane na nusu. Mpwa alikaa na gunia miguuni, akihesabu. Kati ya Mtito Andei na Emali waliwashiwa ful mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa katika mwinuko, ambapo hakuna taa isiyotazama juu. Katika vilima vya Salama, panapo miteremko na kona, mzee aliona ng'ambo ya kilima mwanga wa gari ambalo bado halijatokea, kama mwezi unaotaka kuchomoza, akainamisha zake mapema. Gari lilipotokea lilikuwa limekwisha kuinamisha pia. Walipishana, kila mmoja akionyesha ubavu wake kwa indiketa.

Walipofika Athi River mashariki ilikuwa imeanza kuwa nyeupe, na taa za viwanda vya saruji zilikuwa zikififia. Huko Mlolongo, mji uliopata jina lake kwa foleni ya malori yaliyongoja mizani, madereva walikuwa wakizima taa mmoja baada ya mwingine. Mzee alinyosha mkono kuzima zake. Mpwa wake alimwambia angoje kidogo, maana mbele yao trela la kijivu lilikuwa likiingia barabarani bila taa yoyote, nao walikuwa wameliona sasa hivi tu.